Mnara Ukija Kuposa

Upepo wa Makambako haujawahi kumwomba mtu ruhusa. Unavua watu kofia stendi, unang'oa mabati yaliyopigiliwa kivivu, unaingiza vumbi hadi ndani ya sufuria, kisha unaondoka bila kuaga. Lakini wanaoutaka upepo huo wazalishe umeme, na wanaokitaka kilima chako wasimike mnara wa simu, wao ni lazima waombe. Mwenye kuombwa ni wewe, mkazi wa Mahongole. Mwongozo huu ni wako, ili siku gari jeupe lenye nembo mlangoni litakaposimama mbele ya ofisi ya mtendaji, usikimbilie kupiga vigelegele na usikimbilie kuokota mawe.

Mchukulie mgeni huyo kama mposaji. Utaratibu wa posa kila nyumba inaujua: mshenga huenda kwa wazee, hamfuati binti dukani, barua husomwa mbele ya wajomba na mashangazi, jibu halitolewi siku ile ile, na ukoo wa kijana huulizwa kabla ya mahari kutajwa. Sasa ajabu ni hii. Watu wale wale wanaoweza kumzungusha kijana wa watu miezi sita kwa ajili ya binti, akija mgeni mwenye kofia ngumu na fulana ya kung'aa, wanampa shamba la ukoo kabla chai haijapoa. Chai mpe, ni mgeni. Kalamu iweke mbali.

Kwanza jua kwa nini anakutaka wewe. Vipimo vya upepo vilivyochukuliwa mita 30 juu ya ardhi vilitoa wastani wa mita 8.9 kwa sekunde Makambako, na mita 9.9 Kititimo, Singida. Mita 8.9 kwa sekunde ni kama kilomita 32 kwa saa, na hiyo ni wastani, si kishindo cha siku moja. Maeneo hayo mawili yamekuwa yakitajwa pamoja katika mipango ya umeme wa upepo nchini kwa zaidi ya miaka kumi. Juu ya upepo, Makambako ina barabara kuu ya kwenda Zambia, ina stesheni ya TAZARA, ina njia panda ya Njombe na Songea, na ina kituo cha kupozea umeme ambako laini ya kilovolti 220 inaanzia kwenda Songea. Umuhimu wa laini waulize Wakenya. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilikamilika ikakaa bila kazi kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ilichelewa. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018. Barabara nayo ilibidi ifanyiwe kazi upya, kilomita 208 kutoka Laisamis. Kwako wewe vyote hivyo viko jirani. Usijiuze kama mtu aliyeokotwa porini.

Swali la kwanza la kumuuliza mshenga ni fupi: hapa tulipo ni kijiji au ni mtaa? Kata ya Mahongole iko chini ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, na halmashauri za miji za namna hii zina mitaa na zina vijiji. Penye kijiji, ardhi husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na wenye neno ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Palipotangazwa kuwa eneo la mipango miji, Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, ndiyo inayoongoza, na mezani wanaketi ofisa mipango miji na kamati ya halmashauri. Mgeni asiyejua tofauti hiyo amekosea nyumba. Mgeni anayeijua na bado anapitia mlango usio wake amekuja na nia nyingine, huyo mwache asimame nje mpaka aeleze.

Kwa kijiji, ipo namba moja ya kuikariri kama namba ya simu ya mama: hekta 250. Ardhi ya kijiji ikitakiwa ihamishwe kuwa ardhi ya kawaida ili mwekezaji apewe, na eneo halizidi hekta 250, ambazo ni karibu ekari 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa maoni na mapendekezo yake kwa Waziri, na uamuzi unakwenda juu. Ndiyo maana swali la ukubwa wa eneo haliulizwi kwa kunyoosha mkono na kusema "kuanzia pale kwenye mwembe hadi kule bondeni". Liulizwe kwa hekta, kwa ramani, na kwa mipaka iliyotembelewa kwa miguu na wenye mashamba wakiwapo. Sheria hiyo hiyo inasema ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa. Mahari kwanza, harusi baadaye. Atakayekuambia fidia itazungumzwa mbele ya safari, mwambie asubiri huko huko mbele.

Kumbuka pia kwamba mwenyekiti na halmashauri ya kijiji ni wadhamini. Hawawezi kumpa mtu ardhi ya kijiji bila ridhaa ya mkutano mkuu. Ninasema hivi bila chuki kwa wenyeviti. Wengi ni watu waungwana wanaofanya kazi ngumu kwa posho ndogo, na ukiwaacha peke yao na mgeni mwenye haraka, unawaweka pabaya wao na wewe pia.

Sasa tuingie kwenye mkutano wenyewe, maana hapa ndipo ardhi nyingi ilipopotelea. Siku ya mkutano kutakuwa na turubai, soda na karatasi inayozungushwa. Soda kunywa. Karatasi isome kichwa chake. Kama juu hakujaandikwa kitu, usitie saini, kwa sababu mstari mtupu juu ya majina 200 unaweza kuandikwa lolote jioni, na orodha ya waliokuja kusikiliza ikageuka orodha ya waliokubali. Dai kichwa kiandikwe mbele ya macho yenu: mahudhurio ya mkutano, tarehe, mahali, ajenda. Kisha kuna muhtasari. Huu ndio mkataba wa kijiji na kumbukumbu yake, nao usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika: nani alisema nini, kura za ndiyo ngapi, za hapana ngapi, masharti yapi yaliwekwa. Kura za hapana ziandikwe hata zikiwa 3. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, moja iende kwa mtendaji wa kata, na mwenye simu ya kamera apige picha kila ukurasa akiwa amesimama hapo hapo. Ukiambiwa muhtasari utachapwa mjini kwanza, jibu ni kwamba ulioandikwa kwa mkono unatosha kupigwa picha.

Akina mama wakae mbele. Si kwa heshima tu. Wao ndio wanaojua njia ya kisimani inapita wapi, shamba gani hulimwa na mjane asiye na karatasi, na makaburi ya zamani yako chini ya kichaka kipi. Ramani ya kompyuta haina hayo.

Mnara wa simu ni posa ndogo. Unachukua kipande cha ardhi, uzio, nyumba ya betri au jenereta, na njia ya gari. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini, kwa hiyo habari hii si ya Mahongole peke yake. Mwenye shamba anapokodisha, ajue anayekodi ni nani. Mara nyingi mwenye mnara si kampuni ya laini unayotumia. Kampuni za minara hujenga mnara mmoja kisha zikapangisha nafasi kwa mitandao miwili, mitatu au zaidi. Hivyo muulize: mtandao wa pili ukipanda juu ya mnara ule, kodi yangu inapanda nayo? Iandikwe. Kodi iongezeke kila baada ya muda gani? Iandikwe. Nikifa, watoto wanalipwa kwa utaratibu upi? Iandikwe. Mkataba ukiuzwa kwa kampuni nyingine, nani atanijulisha? Minara ya nchi hii imeuzwa na kununuliwa mara kadhaa, na mwenye shamba ndiye anayebaki pale pale akipiga namba ya simu isiyopokelewa.

Jirani wa mwenye shamba naye ana haki ya kusema. Jenereta haliungurumi ndani ya mipaka ya hati ya mtu mmoja.

Juu ya mionzi, tuzungumze kama watu wazima. Kazi ya kuipima imepewa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mawimbi ya mnara wa simu ni ya aina isiyo na nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei inavyoweza. Antena huyarusha kwa mbele kuelekea mbali, si chini ya miguu yake, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Tena simu iliyoko penye mtandao hafifu hulazimika kutumia nguvu zaidi pale sikioni kwako. Kwa hiyo usikatae mnara kwa hofu ya kijiweni, na wala usimkubali anayekwambia "hakuna madhara" akidhani amemaliza. Mwambie alete taarifa ya vipimo kutoka kwenye tume, vipimo virudiwe mnara ukishawashwa, na matokeo yabandikwe ubao wa matangazo wa kijiji kwa Kiswahili. Hilo ni ombi la kawaida, hakuna wa kukuita mkorofi. Taa na rangi za juu ya mnara ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, waachie wao.

Mitambo ya upepo ni posa kubwa, na hapa nina wasiwasi zaidi. Tanzania haina mazoea nayo. Jirani yetu wa karibu ni Mufindi, ambako mwaka 2020 kampuni ya Rift Valley Energy iliwasha mitambo 3 yenye jumla ya megawati 2.4. Mwenye nauli aende akaitazame, akae chini yake asubuhi na jioni, asikilize. Serikali ya kijiji ichange ipeleke watu watano, wawili wakiwa akina mama na mmoja mfugaji, warudi waseme mkutanoni. Safari hiyo ya siku moja itawafundisha zaidi ya picha zote za ukutani.

Mkiona mlingoti mwembamba wa chuma unaofungwa kwa nyaya na vikombe vidogo vinazunguka juu yake, jueni hiyo ndiyo barua ya posa. Ni mlingoti wa kupimia upepo. Mtu huuacha mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuamua. Wengi huuona wakadhani ni antena ya redio, na mwaka huo ambao kijiji kingeutumia kujipanga unapita watu wakingoja mtu aje awaambie kitu. Anza kazi siku mlingoti unaposimikwa.

Kazi yenyewe ni umbali. Mtambo mkubwa wa siku hizi, ukipima hadi ncha ya panga likiwa juu, unaweza kupita mita 150. Unatoa sauti ya kukata hewa, na jua likiwa chini kivuli cha mapanga hupita dirishani, kinatokea na kupotea. Denmark, nchi yenye uzoefu mrefu wa jambo hili, iliweka kanuni kwamba mtambo ukae mbali na nyumba ya jirani kwa mara nne ya urefu wake wote. Bavaria, Ujerumani, mwaka 2014 wakaamua mara kumi, na maombi ya mitambo mipya yakakauka karibu kabisa, hadi baadaye wakalazimika kulegeza. Maoni yangu kwa Mahongole ni haya: mara nne kwa mtambo wa upepo, yaani mita 600 kwa mtambo wa mita 150, na kwa mnara wa simu, nyumba yoyote iwe nje ya urefu wa mnara wenyewe, ukianguka usiifikie. Shule na zahanati ziongezewe. Umbali huo uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kwenye sheria ndogo, si kwenye hotuba ya mgeni.

Halafu miti. Hili ndilo ninaloliona likisahauliwa, na kwa mkoa wa Njombe ni kosa kubwa. Mtambo wa upepo unachukua ardhi kidogo pale chini: msingi wa zege, njia ya gari na uwanja wa winchi. Mahindi, viazi na ng'ombe vinaweza kuendelea hadi karibu na mguu wake. Lakini misindano na mikaratusi mirefu huvuruga upepo, na mwekezaji hatataka ikue upande upepo unakotoka. Mtu aliyepanda msitu wa mbao ili usomeshe wajukuu anaweza kujikuta shamba bado ni lake, ila hana ruhusa ya kuliacha likue. Kizuizi hicho kina thamani ya pesa. Kihesabiwe kwenye fidia, shamba kwa shamba, pamoja na la jirani ambaye hana mtambo hata mmoja. Mthamini awe amesajiliwa, ahesabu mbele yako, akupe karatasi ya hesabu yako. Fidia ina mafungu yake: ardhi, mazao na majengo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, faida iliyopotea. Na ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, inadaiwa riba. Uthamini wenyewe ukipita miaka miwili umekufa, unafanywa upya. Andika tarehe ya kuidhinishwa kwake ukutani jikoni.

Mradi wa ukubwa huu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na cheti kabla ya kuchimba. Kanuni zake zinataka muhtasari wa ripoti uandikwe pia kwa Kiswahili, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Uombe huo. Ukiletewa kitabu cha kurasa 400 cha Kiingereza, kipokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha uombe tena. Leseni ya kuzalisha umeme inatoka kwa mdhibiti wa nishati, EWURA; iulizwe nayo.

Kama kuna anayeona masharti haya yanamfukuza mwekezaji, atazame Kinangop, kaunti ya Nyandarua nchini Kenya. Walipanga mitambo 38, megawati 60.8, wakakodi ardhi kwa mkulima mmoja mmoja. Waliosaini walisaini, lakini majirani hawakuridhishwa, maneno yakaenea, maandamano yakaja, mtu akafa mwaka 2015, na Februari 2016 mradi ukafungwa kabla panga moja halijazunguka. Wakulima wakakosa kodi, Kenya ikakosa umeme, wenye fedha wakaondoka na hasara. Loiyangalani nako, Oktoba 2021, mahakama iliyoketi Meru ilisema hati za ekari 150,000 za mradi ule zilipatikana bila kufuata utaratibu wa ardhi ya jamii, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mitambo 365 ilikuwa tayari inazunguka. Mwekezaji mwenye akili anautaka mkutano wenu uwe mkali kuliko mnavyoutaka ninyi, kwa sababu benki yake itamuuliza maswali yale yale.

Muulizeni pia siku ya kuondoka. Mtambo hudumu miaka 20 au 25 hivi. Ukizeeka nani ataushusha, zege litang'olewa kwa kina gani, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi kuanzia sasa? Kampuni inayofilisika haiwezi kukodi winchi. Ndiyo maana fedha ziwekwe benki mwanzoni, kwa jina ambalo kampuni haiwezi kulichezea peke yake. Na faida ya kijiji isiishie kwenye madawati siku ya ufunguzi. Denmark iliwahi kuwawekea wawekezaji sharti la kuwauzia wakazi wa jirani hisa zisizopungua asilimia 20. Hapa tunaweza kuanza na kidogo: kiasi fulani cha shilingi kwa kila yuniti inayozalishwa, kiingie akaunti ya kijiji, kisomwe mkutanoni.

Haya yote yanakuwa mepesi kama kijiji kimechora ramani yake kabla mshenga hajabisha hodi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, inakipa kijiji nafasi ya kusema: mlima huu unaweza kubeba mnara, ule wa chanzo cha maji haubebi, bonde hili ni la parachichi, hapa ni malisho, pale wamelala wazee wetu. Mkutano mkuu wa kawaida wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mwandikie mwenyekiti barua ya mistari mitatu, kwa heshima, ukiomba ajenda inayofuata iwe "maeneo ya minara na mitambo ya upepo", na ofisa ardhi wa Halmashauri ya Mji aalikwe na ramani yake. Nakala moja iende kwa mtendaji wa kata. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.